Elumelu wa UBA: alijenga benki, au sheria ya Soludo ndiyo iliyombeba?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, salaam.

Juzi tulikwama foleni ya Mwenge mimi na shemeji, gari halisogei, redio mbovu, tukaishia kubishana habari za Tony Elumelu, yule Mnigeria wa UBA. Shemeji anamhusudu kupita kiasi. Kwake yeye huyu ndiye kipimo cha mtu aliyejitengeneza: kazaliwa Jos mwaka 1963, kasoma uchumi Ekpoma, kaanza kwa kuzunguka maofisini akiuza mashine za fotokopi, na leo benki anayoisimamia iko nchi 20 za Afrika, achilia mbali New York, London na Paris.

Mimi nasema jamaa alibebwa na sheria. Julai 2004 gavana wa benki kuu yao, Charles Soludo, alitangaza kwamba kila benki iwe na mtaji wa naira bilioni 25 ifikapo mwisho wa 2005. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa bilioni 2! Benki 89 zikachujwa zikabaki 25. Katika vurugu hiyo ndipo Elumelu, aliyekuwa na benki ya kawaida tu iitwayo Standard Trust, akaungana na UBA na kujikuta amekalia kiti cha mzee. Bila Soludo, leo tusingelijua jina lake.

Nimekosea? Nivueni nguo.

#2 Dafu la Mafia
Siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Ngosha Kiboko
Mleta mada una wivu tu. Huyo jamaa alianzisha UBA akiwa na miaka 27, wewe kwa umri huo ulikuwa unaomba vocha kwa dada yako.

#4 Karani Mstaafu
Ngosha, taratibu mwanangu. UBA haikuanzishwa na Elumelu. Mizizi yake ni British and French Bank ya mwaka 1949, ikasajiliwa upya kama United Bank for Africa mwaka 1961. Elumelu hata kuzaliwa alikuwa bado.

Hiyo miaka 27 unayoisema ni umri aliopewa umeneja wa tawi Port Harcourt, katika benki iliyoitwa AllStates Trust. Benki yake mwenyewe alikuja kuipata 1997, akiwa na miaka 34, yeye na wenzake walipoichukua Crystal Bank iliyokuwa hoi. Wakaibadilisha jina ikawa Standard Trust. UBA inaingia kwenye hadithi mwaka 2005.

Nimekaa benki miaka 31, mambo ya tarehe huwa yananiwasha.

#5 Ngosha Kiboko
Shikamoo mzee. Nimekaa kimya.

#6 Karani Mstaafu
Marahaba. Usikae kimya, uliza.

#7 Binti wa Chamazi
Mnasahau kipande kitamu kuliko vyote, cha jinsi alivyoipata ile kazi AllStates. Tangazo lilitaka watu waliofaulu daraja la pili la juu. Yeye alikuwa na la pili la chini. Akaomba hivyo hivyo, na barua ya maombi akaiandika kwa kujieleza kweli kweli: alama zangu ni hizi, ila nipeni nafasi muone. Mkuu wa benki, Ebitimi Banigo, akaisoma akasema mleteni huyu kijana. Elumelu mwenyewe huwa anaisimulia hadharani mara kwa mara.

Sasa Kisiki, hiyo nayo ni sheria ya Soludo?

#8 Kisiki cha Mpingo
Hiyo ni bahati, dada. Barua ngapi za namna hiyo huishia kufungia maandazi?

#9 Binti wa Chamazi
Bahati ya kuandika barua! Haya.

#10 Jirani wa Ikeja
Nawasalimu kutoka Lagos, mwaka wa tisa huu nipo huku kwenye biashara ya vipuri.

Mnajadili kama vile Soludo alimgawia Elumelu peke yake. Sheria ilikuwa ya wote, wote 89. Kila bosi wa benki alipewa miezi kumi na minane ile ile. Wengine walikimbilia mahakamani, wengine kwa wanasiasa, wengine walikaa wakidhani serikali itarudi nyuma kama kawaida yake. Na hebu oneni hii: AllStates, benki iliyomwajiri na kumfundisha kazi, ilikuwa miongoni mwa zilizoshindwa kufikisha mtaji na leseni ikafutwa Januari 2006. Mwanafunzi kapita, mwalimu kabaki chini ya maji yale yale.

Nikuonyesheni kitu ambacho ukiwa mbali hukioni. Soko la Balogun hapa, akina mama wa vitenge wamezoea kuweka akiba kwa mtu wa *ajo*. Anapita asubuhi na kidaftari chake, kila mama anatoa kiasi chake, mwisho wa mwezi anarudishiwa mzigo na mkusanyaji anabaki na chake cha siku moja. Kwa mama wa aina hiyo, benki ya zamani ilikuwa jengo la marumaru lenye mlinzi wa kumuuliza "unamtaka nani?" Kizazi cha kina Elumelu kilitoa vijana nje. Suti, viatu vimepauka kwa vumbi, duka kwa duka, wakimbembeleza mama huyo huyo afungue akaunti. Ukijua jamaa aliwahi kuuza fotokopi mlango kwa mlango, hushangai alikoutoa ule mtindo.

#11 Shombe la Feri
Jirani umenikumbusha mateso. Nimewahi kuwa ofisa mauzo kwenye benki moja hapa Dar, siitaji. Tageti ya amana ilikuwa inabandikwa ukutani Jumatatu kwa majina, kijani umefikisha, nyekundu hujafikisha. Jina langu lilikaa kwenye nyekundu wiki sita. Nilikwenda Feri saa kumi na moja alfajiri nikiwa na fomu kwenye bahasha ya kaki, nikawa nawafungulia akaunti wachuuzi juu ya meza ya samaki. Fomu zilinuka samaki hadi mkuu wa tawi akaniuliza kama nimezivua.

Ndiyo maana nikijibu swali la mleta mada nasema: waliomjenga Elumelu ni watoto wa watu waliotembea na jua. Yeye alijua kuwakimbiza tu.

#12 Dafu la Mafia
Kwa hiyo jina la "Shombe" ndipo lilipoanzia 😂

#13 Shombe la Feri
Umepatia.

#14 Mlalahoi Daima
Naona mnazungukazunguka. Tajiri wa Afrika hapatikani bila mkono wa ikulu. Rais wao wa wakati ule, Obasanjo, ndiye aliyempa ile kampuni ya Transcorp, kila mtu anajua.

#15 Karani Mstaafu
Mlalahoi #14, hapo umechanganya madesa. Transcorp ilianzishwa enzi za Obasanjo, kweli, 2004, na Obasanjo kumiliki hisa humo lilikuwa gumzo kubwa magazetini mwao. Lakini Elumelu alikuja kuwa mwenyekiti wake 2011, kampuni yake ya Heirs Holdings ilipochukua hisa za kutosha kuishika. Wakati huo Obasanjo ameshatoka madarakani miaka minne. Na Transcorp ilikuwa inasuasua, kitu cha maana kilichoonekana ni ile hoteli ya Hilton pale Abuja.

Kama una ushahidi mwingine wa kubebwa ulete tuusome. "Kila mtu anajua" si ushahidi.

#16 Mlalahoi Daima
Mzee, ushahidi wa mambo haya hauandikwi. Benki za Nigeria miaka ile zililishwa amana za serikali na fedha za mafuta, hilo huwezi kulikataa. Nani anaamua fedha ya serikali ikae benki gani?

#17 Karani Mstaafu
Hilo la amana za serikali silikatai, lilikuwepo, ila zilikula benki nyingi na nyingi kati ya hizo zimekufa. Halielezi kwa nini huyu alipona.

#18 Chapo Dondo
Niaje wakuu, mimi ni jirani yenu wa Nairobi, nasoma tu huu uzi na chai.

Kisiki anasema Soludo. Mimi nadhani mnaanzia katikati ya sinema. Rudini 1997. Hiyo miaka benki za Nigeria zilikuwa zinaanguka kama maembe. Januari 1998 benki kuu yao ilifuta leseni za benki 26 kwa mpigo. Ishirini na sita bana! Sasa wewe ni kijana wa miaka 34, watu wanapanga laini kutoa pesa zao, na wewe ndiyo unaingia kununua benki mgonjwa. Hiyo si bahati, hiyo ni roho ngumu, ama ni wazimu. Ile ya 2005 ilikuwa marudio: alikuwa ashajua benki mgonjwa inashikwa wapi.

UBA walifika hapa kwetu 2009. Ndugu zao GTBank wakafuata 2013 kwa kununua Fina Bank, wakapata Kenya, Uganda na Rwanda kwa mkupuo. Access wakanunua Transnational 2020. Wanigeria wakija hawabishi hodi.

#19 Ngosha Kiboko
Na Access ni ya Elumelu pia? (Naogopa kukosea tena.)

#20 Chapo Dondo
Hapana. Access ilichukuliwa 2002 na Aig-Imoukhuede na Herbert Wigwe, yule aliyekufa kwa ajali ya helikopta California Februari 2024. Na Zenith ni ya Jim Ovia, alianza 1990. Kila mmoja na kiota chake.

#21 Karani Mstaafu
Chapo amesema vizuri juu ya 1997, niongezee la 2005 kwa sababu ndilo ninalolielewa kwa mikono yangu. Mimi nilipitia muungano wa benki mbili hapa nchini, nilikuwa kwenye kamati ya kulinganisha vitabu.

Watu wanadhani kuunganisha benki ni kubadilisha kibao cha nje. Ndugu zangu! Tulikuta mteja mmoja ana akaunti benki zote mbili, huku anadaiwa, kule ana akiba, na saini hazifanani. Mifumo ya kompyuta haisalimiani. Mkuu wa mikopo yuko huku na yuko kule, kiti ni kimoja. Kuna mzee mwenzangu alihamishiwa dawati karibu na choo akajua ujumbe umefika, akaandika barua yake ya kustaafu kwa kalamu ya wino, hakutaka hata kuichapa. Miaka miwili tulikuwa bado tunaambiana "sisi" na "wao".

Sasa chukua hali hiyo uiweke Lagos. Upande mmoja UBA, benki ya wazee, jina kubwa, jengo Marina. Upande wa pili Standard Trust, benki ya miaka minane, vijana watupu. Kwa kawaida mkubwa humeza mdogo. Pale jina likabaki la mkubwa, ila usukani ukashikwa na mdogo, Elumelu akawa mkurugenzi mtendaji akiwa na miaka 42. Ni kama bibi harusi kahamia kwa mzee tajiri, na wiki ya kwanza ndiye mwenye funguo za stoo. Soludo alilazimisha ndoa. Funguo hakumpa mtu.

#22 Kisiki cha Mpingo
Mzee Karani hapo umenitikisa, sitaki uongo. Ila bado: angelazimishwa na nani kuoana kama si sheria?

#23 Karani Mstaafu
Ndiyo maana nimesema ndoa ya Soludo. Nusu ya hoja yako naiacha isimame.

#24 Mtu wa Hesabu
Hakuna aliyegusa soko la hisa, mnanishangaza. Baada ya 2005 benki za Nigeria ziliingia sokoni kuuza hisa kwa wananchi na watu walinunua kama njugu. Mwalimu, muuguzi, dereva, kila mtu na hisa za benki. Fedha ya kuzitawanya benki Afrika nzima haikutoka kwenye vitenge vya Balogun, na Jirani atanisamehe. Ilitoka kwenye homa ile. Soko likaporomoka kuanzia 2008, likaunguza hao hao walimu na wauguzi.

Agosti 2009 gavana mpya, Lamido Sanusi, akafagia mabosi watano wa benki siku moja, Oktoba akaongeza watatu. Serikali ikamwaga naira bilioni 620 kuziokoa benki hizo nane. Sababu kubwa ilikuwa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, mingi ya kununulia hisa na ya wafanyabiashara wa mafuta. Cecilia Ibru, bosi wa benki ya Oceanic, alikiri makosa 2010, akafungwa miezi sita na kunyang'anywa mali ya mabilioni.

UBA haikuguswa katika fagio lile. Hiyo ndiyo sifa ninayompa, kwamba alikuwepo kwenye sherehe ile ile na hakulewa kama wenzake. Ila msimfanye malaika pia: mwaka 2008, yeye akiwa bosi, tawi la New York lilipigwa faini ya dola milioni 15 na Wamarekani kwa ulegevu wa kudhibiti fedha chafu.

#25 Jirani wa Ikeja
Nimekusamehe. Ila nani alizikusanya zile hela za hisa kwa wananchi? Vijana wale wale wa viatu vya vumbi.

#26 Mtu wa Hesabu
😅 Chukua.

#27 Mlalahoi Daima
Na baada ya hapo Sanusi akamtoa.

#28 Mtu wa Hesabu
Hakumtoa kwa kosa. Ilikuja kanuni kwamba mkurugenzi mtendaji wa benki asizidi miaka kumi, na hesabu yake ikaanzia Standard Trust. Julai 2010 akang'atuka, akamwachia Phillips Oduoza. Jim Ovia naye akapitiwa na kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo Kisiki, sheria imempa na sheria imemnyang'anya.

#29 Binti wa Chamazi
Imemnyang'anya nini? 2014 karudi UBA kama mwenyekiti wa bodi. Na katikati hapo alishafungua Heirs Holdings na ile taasisi yake, akanunua mtambo wa umeme wa Ughelli kwa dola milioni 300 mwaka 2013. Angebaki mkurugenzi tu asingeyafanya hayo. Kufukuzwa kwa namna hiyo hata mimi nifukuzeni.

Kuhusu taasisi: 2015 waliahidi dola milioni 100 kwa wajasiriamali 10,000 wa Afrika nzima kwa miaka kumi, kila mmoja dola 5,000 na mafunzo. Mimi ni mmoja wao, ndiyo maana nimekuwa mkali tangu mwanzo, sasa najisalimisha. Wiki kumi na mbili za masomo ya mtandaoni, usiku, bando linakata, mtoto analia. Nilikuwa nasaga unga wa lishe kwenye banda nyuma ya nyumba. Hela ilipoingia nikanunua mashine ya kuziba pakiti kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo. Mashine ikawa inaziba pakiti tatu, ya nne inaiunguza na unga unanuka moshi. Muuzaji akaniambia "inataka kuzoeleka". Nilikuja kuuza ile mashine kama chuma chakavu, nikarudi kwenye mshumaa na msumeno wa chuma, wanaojua wanaelewa. Pesa iliyobaki nikaweka kwenye nafaka, na hiyo ndiyo iliyoniokoa.

#30 Ngosha Kiboko
Mshumaa na msumeno! Mama yangu alikuwa anaziba ubuyu hivyo hivyo.

#31 Mnyalukolo
Huku Nyanda za Juu Kusini mkono wake ulifika mapema zaidi. 2011 taasisi yake iliweka fedha Mtanga Farms, watu wa mbegu za viazi mviringo. Huku kwetu mkulima akikosa mbegu safi anatenga vile vidogo vilivyobaki shimoni, anarudisha ardhini, mwaka hadi mwaka, hadi mnyauko unabaki nao kama mkwe. Kwa hiyo aliyeshauri viazi alikuwa anajua alichokiona.

#32 Dafu la Mafia
Kutoka benki hadi viazi. Uzi huu jamani.

#33 Shombe la Feri
Nina swali kwa wote wanaosema juhudi. Nendeni Ghana. Prince Kofi Amoabeng, kapteni mstaafu wa jeshi, 1997 hiyo hiyo kaanzisha Unique Trust, mikopo ndani ya saa 48. Nidhamu ya kambini, anajulikana kwa kufuata muda. Ikakua, ikaingia soko la hisa, ikawa UT Bank. Agosti 2017 benki kuu ikafuta leseni yake pamoja na ya Capital Bank, mali na amana zikapelekwa benki ya GCB. Mwaka ule ule wa kuanza, juhudi zile zile, kaishia kwingine kabisa. Mnanielezeaje?

#34 Mtu wa Hesabu
Mikopo chechefu na mtaji. Juhudi haiingii kwenye mizania.

#35 Jirani wa Ikeja
Ukubwa wa soko. Ghana ukiteleza huna pa kujishikia. Nigeria una watu mara kadhaa ya hao.

#36 Mlalahoi Daima
Kukosa watu ikulu. Sijabadili dini.

#37 Karani Mstaafu
Hata hapa kwetu Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji, na ndani yake walikuwemo watu wachapakazi. Shombe, mimi nadhani tofauti ni kuungana. Elumelu alipata wa kuungana naye wakati mlango uko wazi. Kapteni alibaki na gari lake mwenyewe hadi lilipozima.

#38 Chapo Dondo
Ama Elumelu angekuwa Accra, na kapteni Lagos, tungekuwa tunasoma uzi wa kapteni. Nawaza tu kwa sauti.

#39 Kisiki cha Mpingo
Nimesoma yote. Nimempelekea shemeji kiungo, amejibu neno moja: "Umeona?" Nami nimemjibu hilo hilo, maana kila mmoja kaona chake. Nashukuru wote, hasa mzee Karani.

#40 Ngosha Kiboko
Samahani nje ya mada kidogo. Fotokopi ya mkono wa pili inayotoa nyeusi tupu inakwenda bei gani siku hizi? Kuna fremu nimeiona jirani na chuo.

#41 Shombe la Feri
Ndiyo yaleyale 😂 Usinunue kabla hujaiwasha na kutoa karatasi hamsini mfululizo. Ikianza kuchora mstari pembeni, ngoma yake imekwisha.

#42 Binti wa Chamazi
Na muuzaji akikwambia "inataka kuzoeleka", kimbia.